Chombo Baharini na Chombo Kinywani

Kusema ni tendo alifanyalo mwanadamu kila siku bila ya kulifikiri, kama vile apumuavyo. Kwa kuwa hatulilipii chochote, hatuijui thamani yake. Aijuaye ni yule aliyenyimwa. Ndugu msomaji, katika insha hii nataka tumtazame mtoto ambaye maneno yake hayamtoki sawasawa kwa sababu alizaliwa na ufa katika kaakaa. Tukitazame na kifaa kidogo kivaliwacho kinywani ambacho chaweza kumsaidia. Kisha tujiulize swali lisilomhusu daktari peke yake: mtoto huyu anatudai nini, na je, deni lake hulipwa mara moja likaisha?

Kabla ya kulijibu swali, fanya jaribio dogo. Chukua kioo kidogo kikavu, ukiweke chini ya matundu ya pua yako, kisha useme mfululizo bila ya kushusha pumzi katikati: papa, papa, papa. Kioo kitabaki safi. Kifute, ukirudishe mahali pake, useme: mama, mama, mama. Mara hii kioo kitaingia ukungu. Umeonyeshwa kwa macho yako jambo ulilolifanya maelfu ya mara bila ya kulijua: katika neno la kwanza pumzi ilipita kinywani tu, na katika neno la pili ilipita puani.

Kiiongozacho pumzi hiyo ni kaakaa. Kaakaa ni dari ya kinywa, na papo hapo ni sakafu ya pua. Sehemu yake ya mbele ni mfupa, nayo huitwa kaakaa gumu. Sehemu ya nyuma ni nyama, nayo huitwa kaakaa laini, na mwisho wake hukining'iniza kile kinyama kiitwacho kimio. Tutamkapo sauti kama p, b, t, d, k, g, s na f, kaakaa laini hunyanyuka na kugusa ukuta wa koo, mfano wa mlango ufungwao. Pumzi hujikusanya kinywani, kisha hutoka kwa nguvu. Tutamkapo m, n, ny na ng', mlango huo huachwa wazi, na sauti huvuma puani.

Sasa fikiri dari hiyo ikiwa na ufa. Pumzi haikusanyiki tena, kwa maana huvuja na kupanda puani kabla haijafika midomoni. Sauti ya b hugeuka ikafanana na m, na sauti ya d hugeuka ikafanana na n. Mtoto humwita baba yake, na baba husikia "mama". Humwita dada yake, na dada husikia "nana". Akili yake imelitunga neno kwa usahihi, moyo wake umekusudia mtu anayempenda, lakini neno limepotea njiani katika safari isiyozidi upana wa kiganja.

Tuuchukue mfano wetu Mkwiro. Mkwiro ni kijiji cha wavuvi kilicho upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, katika pwani ya kusini ya Kenya, ndani ya Kaunti ya Kwale. Upande wa magharibi wa kisiwa hicho kuna kijiji cha Wasini chenyewe, na ng'ambo ya mkono wa bahari kuna Shimoni, bandari iliyo bara. Kisiwa ni cha matumbawe, hakina mto, na atakaye hospitali kubwa sharti kwanza apande chombo. Mtoto nitakayemtaja si mtu fulani. Ni mfano tu, wala sitampa jina, ili kila mmoja wetu aweze kumfikiri kuwa ni ndugu yake.

Siku za kwanza mama yake huona maziwa yakirudi puani. Mtoto hawezi kuvuta titi, kwa kuwa kinywa chenye ufa hakishiki mvuto. Mama hujifunza kumkamulia kikombeni, kumwinua kichwa na kumnywesha kidogo kidogo kwa kijiko. Baadaye huja maradhi ya masikio, maana ufa wa kaakaa huidhoofisha misuli ifunguayo njia iliyo kati ya koo na sikio, na usikivu wa mtoto hupungua. Kisha huja umri wa kwenda chuoni na shuleni. Wenzake hutamka herufi, naye hutamka. Wenzake hucheka, naye hunyamaza. Mwalimu huuliza swali, jibu analo, lakini mkono wake hauinuki. Baada ya miaka miwili au mitatu kijiji humhesabu kuwa ni mjinga, na lililo baya zaidi ni kuwa naye mwenyewe huanza kujihesabu hivyo. Ufa uliokuwa kinywani umefika mahali ambapo hapana daktari awezaye kupashona.

Watu wakiona jambo wasilolielewa hutafuta wa kumlaumu. Wako watakaosema kwamba mama alitenda dhambi, kwamba ni jicho la hasidi, au kwamba ni mkono wa jini. Elimu imeonyesha njia nyingine. Mdomo wa juu na kaakaa huumbika katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, pande mbili zikikua kuelekeana hata zikutane katikati na kuungana. Zikikosa kuungana, ufa hubaki. Sababu zaweza kuwa katika urithi wa ukoo, katika baadhi ya dawa kama zile za kifafa, katika uvutaji wa tumbaku, au katika upungufu wa vyakula fulani mwilini mwa mama. Na mara nyingi ni mchanganyiko wa mambo ambao hapana awezaye kuutenganisha. Jambo hili si la kabila moja wala la dini moja. Hukisiwa kuwa duniani kote mtoto mmoja katika kila watoto 700 huzaliwa na ufa wa mdomo, au wa kaakaa, au wa vyote viwili. Kumlaumu mama kwa ufa huo ni sawa na kumlaumu mwenye shamba kwa umeme wa radi.

Dawa ya kwanza ya kaakaa lenye ufa ni kushonwa, na wahenga walikwisha sema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1819 daktari Philibert Roux wa Paris alilishona kaakaa laini la kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari aliyetoka Canada, jina lake John Stephenson. Wakati huo dawa ya usingizi ilikuwa bado haijajulikana, na kijana aliyavumilia maumivu yote macho wazi. Baadaye alirudi kwao Montreal, akawa mmoja wa walioanzisha mafunzo ya udaktari katika mji huo mwaka 1823. Aliyekuwa akitamka kwa taabu akawa mwalimu wa wengine. Katika Afrika ya Mashariki, watatu waliolianzisha shirika la madaktari warukao kwa ndege mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, wote walikuwa mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Leo watoto wenye ufa wa mdomo na kaakaa hushonwa katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na CoRSU ya Uganda. Madaktari aghalabu hupenda kulishona kaakaa mtoto afikapo umri wa mwaka mmoja au mwaka na nusu, kabla maneno hayajazoea njia mbaya.

Lakini si kila kaakaa hupona kwa sindano na uzi. Huenda likashonwa likawa fupi, lisiufikie ukuta wa koo. Huenda tundu likabaki. Huenda mtoto ana udhaifu wa moyo, na upasuaji ukawa hatari kwake. Huenda akachelewa kuletwa, au sharti angoje. Hapo ndipo kifaa cha kinywani hupata kazi yake.

Kifaa hiki ni cha namna tatu. Cha kwanza ni kizibo: bamba jembamba lililofinyangwa kwa umbo la kaakaa la mwenyewe, nalo hufunika tundu na kushikwa na vikulabu vya waya menoni. Cha pili ni bamba lile lile likiwa na mkia uendao nyuma, na mwisho wa mkia kuna kitufe kikaacho nyuma ya kaakaa laini. Misuli ya koo hukikumbatia kitufe wakati wa kusema, na pumzi haivuji. Cha tatu hutumiwa pale ambapo kaakaa laini lina urefu wa kutosha lakini halina nguvu ya kunyanyuka. Mkia wake hulinyanyua na kulishikilia juu. Katika namna zote fundi hujihadhari asiifunge njia ya pua kabisa, kwa sababu mtoto sharti apumue, na sharti aseme "mama" ikawa "mama".

Utengenezaji wake ni kazi ya subira. Fundi huchukua alama ya kinywa kwa ujiuji mzito ugandao baada ya dakika chache. Ujiuji huo hutokana na mwani wa rangi ya kahawia umeao katika bahari za baridi, nao ni ndugu wa mbali wa mwani ulimwao na kina mama wa Kibuyuni, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini. Alama hiyo hujazwa plasta, likatoka sanamu la kinywa. Juu ya sanamu hilo ndipo bamba la akriliki lifinyangwapo. Kisha huja siku ya kulijaribu, na siku ya kulipunguza hapa na kuliongeza pale, mtoto akitamka na fundi akisikiliza. Huwezi kukifanya kifaa hiki kwa kipimo cha mtu mwingine, kama uwezavyo kununua viatu.

Usidhani, msomaji, kwamba jambo hili ni jipya. Katika karne ya 16 Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, alieleza mabamba ya dhahabu na fedha ya kuzibia kaakaa lililotobolewa na jeraha au maradhi; bamba lilikuwa na kipande cha sifongo juu yake, nacho kilivimba kwa unyevu na kulishika mahali pake. Mwaka 1728 Pierre Fauchard, ambaye wengi humwita baba wa utabibu wa meno, aliandika juu ya vizibo vya aina mbalimbali. Katika karne ya 19 Norman Kingsley wa New York alitengeneza kaakaa la mpira laini. Waliohitaji msaada huu hawakuwa watoto peke yao. Sigmund Freud, yule tabibu maarufu wa nafsi wa Vienna, alipasuliwa kinywa mwaka 1923 kwa sababu ya saratani, akavaa kizibo mpaka kufa kwake mwaka 1939. Kizibo hicho kilifanywa upya mara kwa mara, kilimwumiza siku zote, naye alikibandika jina la zimwi. Mtu mzima, mwenye elimu na mafundi wa mji mkubwa karibu yake, alitaabika miaka 16. Tukimwona mtoto wa miaka sita akikitoa kifaa chake na kukificha chini ya mto, tusifanye haraka kumwita mtukutu.

Hapa nataka turudi pwani. Maji yapwapo, wewe uliyezaliwa katika kijiji cha wavuvi umepata kuona chombo kimeegemezwa juu ya magogo, na fundi amechutama ubavuni pake na nyundo na patasi. Anashindilia nyuzi za pamba zilizochovywa mafuta kati ya ubao na ubao. Kazi hii ndiyo iitwayo kalafati. Tazama mambo matatu katika kazi ya fundi huyo. Kwanza, haulizi ni dhambi gani iliyoutenga ubao huu na ubao ule. Aona mahali panapovuja, apaziba. Pili, hadhani kwamba chombo kinachovuja si chombo. Angedhani hivyo asingekitolea jasho. Tatu, hazibi mara moja kwa maisha. Jua hukausha, mawimbi hutikisa, pamba huoza, na baada ya muda chombo hurudi juu ya magogo. Hakuna mwenye chombo anayesema: nilikalafati mwaka juzi, nimemaliza.

Kifaa cha kinywani ni kalafati ya sauti. Mtoto hukua, taya hupanuka, meno ya utotoni hung'oka na mengine huota. Bamba lililomfaa mwaka jana leo lambana au lalegea. Lazima lisafishwe kila siku, na fundi alikague mara kwa mara. Tena kifaa peke yake hakifundishi kusema. Mtoto aliyekaa miaka na ufa amekwisha jizoeza kuzitoa sauti kooni badala ya midomoni, na siku ya kuzibwa ufa mazoea hayo hayamtoki. Anahitaji mwalimu wa matamshi wa kumwonyesha upya mahali pa p na mahali pa k, pole pole, kwa wiki na miezi. Sasa hesabu safari. Kutoka Mkwiro ni chombo mpaka Shimoni. Kutoka Shimoni ni gari mpaka barabara kuu, kupitia Msambweni na Ukunda mpaka Likoni. Na Likoni ni feri, ndipo ufike Mombasa. Safari ya alama, safari ya kujaribu, safari ya kupunguza, safari ya masomo. Na mwaka mwingine tena tangu mwanzo. Nani ataacha nyavu zake, au nani atamwachia jirani watoto wengine, mara zote hizo?

Sasa twaweza kulijibu swali letu, nalo lina wapinzani ambao yafaa wasikilizwe.

Mpinzani wa kwanza husema: mwacheni alivyo, kila mtu ana namna yake ya kusema. Neno hili lina heshima ndani yake, lakini lachanganya mambo mawili. Watu wa Mkwiro husema Kichifundi. Jirani zao wa kijiji cha Wasini na wa Vanga husema Kivumba. Wa Mombasa husema Kimvita. Tofauti hizo si ufa. Ni utajiri, na atakayemwondolea mtoto wa Mkwiro Kichifundi chake kwa madai ya kumrekebisha atakuwa amemvua nguo, hakumvika. Lakini lahaja hufahamika kwa watu wake. Mtoto wetu hafahamiki hata kwa mama yake. Kifaa hakimpi lugha ya watu wengine. Humpa njia ya kuitumia lugha yake.

Mpinzani wa pili husema: haja ni nyingi. Kuna maji, kuna dawa, kuna madawati. Kwa nini tutumie gharama kubwa kwa mtoto mmoja? Huyu ana hoja nzito, kwa maana fedha ina mwisho. Nami namjibu kwa desturi ya wavuvi wenyewe. Chombo kikichelewa kurudi usiku, kijiji hakilali. Vyombo vingine husukumwa majini kwenda kutafuta, wala hapana aulizaye kama mtu mmoja ana thamani ya mafuta ya mashine. Kijiji kinachopima hivyo siku ya dhoruba hakitakuwa na wavuvi tena, kwa sababu kila mmoja atajua kwamba siku yake ikifika atapimwa. Vivyo hivyo, jamii isemayo kwamba sauti ya mtoto mmoja ni ghali mno imewaambia watoto wote kwamba sauti zao zina bei, na kwamba siku bei ikipanda zitaachwa. Wala mzigo huu haukuwekwa juu ya kijiji peke yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, haki ya kupata elimu, na haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kuvishinda vizuizi vya ulemavu wake. Neno "haki" si neno "sadaka". Sadaka hungoja moyo wa mtoaji; haki hudaiwa.

Mpinzani wa tatu ndiye aliye na hoja ngumu kuliko wote. Husema: kwa kuwa kifaa huhitaji kutunzwa na kubadilishwa, na kwa kuwa hatuna hakika ya kuendelea, ni heri tusianze. Kumwonjesha mtoto maneno yafahamikayo kwa mwaka mmoja, kisha kumrudisha katika ukimya, ni ukatili. Ndugu msomaji, usimdharau mtu huyu. Wako watoaji wengi wapendao siku ya kutoa, yenye hotuba na picha, wasiopenda siku ya kutunza, isiyo na mtazamaji. Methali isemayo kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, ni ya kweli. Lakini moyo unaotoa mara moja ukasahau ni moyo wa nusu. Hata hivyo hoja ya mpinzani huyu haitufikishi pale atakapo. Haisemi kwamba tusitoe. Yasema kwamba tukitoa, tujue tunachokitoa. Anayempa mtoto kifaa cha kinywani hakumpa bamba la akriliki. Amempa ahadi. Amesema: mwaka ujao taya lako likikua, nitakuwapo, au atakuwapo mtu niliyemweka mahali pangu.

Hili ndilo jibu langu. Mtoto huyu anatudai ahadi iliyotimizwa, si zawadi. Na ahadi ya namna hiyo haiwezi kubebwa na mtu mmoja. Serikali hubeba fundi na kifaa. Mwalimu wa matamshi hubeba mazoezi. Mzazi hubeba safari, na jirani humbebea mzazi watoto waliobaki nyumbani. Naye mtoto mwenyewe, kwa kuwa kinywa ni chake, hana budi kuelezwa na kuulizwa, maana kifaa kilichoshurutishwa hulala chini ya mto. Mmoja wao akiliachia fungu lake, mzigo wote huanguka.

Kuna fungu moja nililolibakiza mpaka mwisho, kwa sababu ni lako. Hulipi kwa fedha, wala halingoji umalize masomo. Ni fungu la kusikiliza. Fundi aweza kuziba kila tundu la kaakaa, na mwalimu aweza kumfundisha mtoto kila herufi. Lakini mtoto akiinua mkono darasani, na kicheko kikamtangulia, atanyamaza na kifaa chake kinywani. Ufa wa pili uko katika masikio yetu, na hapana akriliki iuzibayo.

Kwa hiyo, ukikutana na mwenzako wa namna hii, mtazame usoni, usimtazame kinywa. Mngoje amalize, usimnyang'anye neno ukamkamilishia, kwa maana huenda ulilolikamilisha silo alilolikusudia. Usimwigize, hata kwa mzaha, hata akiwa hayupo. Na usipomfahamu, usijifanye umefahamu. Wengi hutikisa kichwa na kusema "ndiyo, ndiyo" wakidhani wanatenda adabu. Huo ni uongo uliovaa kanzu ya adabu, na anayeambiwa huujua. Mwambie kwa upole: "Ndugu yangu, sikulipata neno lako, tafadhali lirudie." Kumwomba mtu arudie neno ni kumwambia kwamba neno lake lastahili kungojwa.

Kisa cha Nabii Musa kimo katika vitabu vya dini zilizo kubwa kwetu, na wengi wenu mmekisikia tangu utoto. Alipotumwa kwa Firauni aliona uzito katika ulimi wake. Wanaosoma kisa hicho katika Kurani wakumbuka kwamba katika maombi yake yalikuwamo mambo mawili: alimwomba Mola amfungue fundo la ulimi ili watu wapate kuyafahamu maneno yake, tena aliomba apewe ndugu yake Haruni wa kusimama pamoja naye. Wala hakuambiwa achague moja. Mtoto wetu wa Mkwiro naye ana haja ya yote mawili. Fundi ataweza kulifungua fundo. Lakini Haruni hatengenezwi kwa plasta wala kwa akriliki. Haruni hukaa dawati la pili darasani, naye yamkini ni wewe.

Siku moja mtoto huyo atasimama ufuoni jua linapokuchwa, chombo cha baba yake kikiingia, naye atapaza sauti: "Baba!" Huenda neno likatoka safi, huenda likatoka na uvumi kidogo wa puani. Lolote litakalokuwa, baba atageuka, kwa sababu neno limefika. Na kesho yake, kama vile chombo kilivyo na siku yake ya kalafati, mama atamchukua mwanawe mpaka Shimoni, kwenda kwa fundi, kwa maana taya limekua tena.